Mtungi wa Pembeni

Jumatatu, 17 Septemba

Mwaka wa pili umeanza leo na tayari nimechoka. Mwalimu wa kemia katufundisha asidi za zabibu asubuhi nzima, yeye kautazama ubao, sisi tumelitazama shati lake lililochomoka. Khatuna, ninayelala naye chumba kimoja, alisinzia mpaka kalamu ikamdondoka. Mwalimu hakugeuka. Nadhani hata paa lingeanguka asingegeuka.

Ila mwishoni kaingia Mwalimu Lamzira, mkuu wetu wa somo la mvinyo. Mama huyo hana maneno mengi. Kazi ya vitendo ya mwaka huu: kila mmoja atengeneze mvinyo wake mwenyewe. Wasio na pa kutengenezea watapewa tangi la chuma hapa chuoni. Wenye marani kwao, yaani banda la mvinyo lenye mitungi iliyofukiwa ardhini, wanaruhusiwa kutumia mtungi wa nyumbani. Masharti mawili. Mkono uwe wako peke yako. Na ukishaziba mdomo wa mtungi kwa udongo, usifunguliwe mpaka wakaguzi waje masika, muhuri uvunjwe mbele yao. Muhuri ukiguswa, umeanguka mtihani. Mwaka wote unarudia.

Nikanyoosha mkono kabla ya wote! Kwa akili gani, sijui. Nilisahau kwamba ndani ya marani ya kwetu yumo Baba.


Jumatano, 19 Septemba

Nimempigia Baba. Kacheka. Kacheka tena. Halafu kaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Eti mwanamke haingii marani ila kufagia. Eti bibi yake yeye alipita tu mlangoni mwaka fulani, mtungi mzima ukageuka siki. Nikamwambia, Baba, siki inaletwa na hewa na vijidudu, hailetwi na sketi.

"Ndiyo wanayowafundisha huko chuoni Telavi? Kumjibu baba yako?"

Nikakata simu. Akapiga. Nikaiacha iite. Akapiga tena, nikapokea, kumbe ni Bibi Nanuli, mama yake Baba, na Baba mwenyewe nasikia pumzi zake pembeni kwa sababu Bibi hajui kubonyeza. Bibi anapiga kelele kana kwamba Telavi ni ng'ambo ya bahari. "Gocha! Mpe mtoto mtungi, usinitie aibu! Mimi mwenyewe nimekanyaga zabibu kwenye marani hiyo mwaka wa vita, wanaume wote wameondoka. Kuna aliyekufa kwa kuinywa?"

Haya. Tumekubaliana hivi. Napewa mtungi mdogo wa pembeni, ule ambao tangu Babu afariki umekaa mtupu. Wakaguzi wakiupitisha mvinyo wangu, marani ni yangu: mitungi yote, na mizabibu yote mpaka kule chini mtoni. Wasipoupitisha, ninyamaze, na marani aishike Rezo.

Rezo! Mdogo wangu ambaye harufu ya zabibu zinazochachuka inampasua kichwa! Rezo ana ndoto moja tu duniani, kuendesha lori Poland. Nimemuuliza kama anajua kwamba anatishiwa urithi. Kasema, "Dada, nakuomba. Nakupigia magoti. Shinda."


Jumamosi, 29 Septemba

Mavuno. Mikono yangu haifunguki, naandika kama mtoto wa chekechea.

Wamekuja wajomba, majirani, mke wa padri, na mbwa wote wa kijiji. Tangu umande haujakauka tunakata. Baba yuko nyuma yangu kila mstari. Kikapu changu kikijaa ananiambia hakijajaa. Nikikijaza zaidi ananiambia naponda. Nikachomoa kipima sukari changu cha chuo nipime juisi, wajomba wote wakaja kukitazama kana kwamba nimetoa nyoka mfukoni.

"Kinasema nini?" Baba.

Kinasema siku mbili zaidi zingefaa, nikamjibu.

"Mimi ulimi wangu unasema leo."

Tukavuna leo. Ningefanyaje? Mizabibu bado ni yake.

Mtungi nimeuosha mwenyewe kwa brashi ya magome ya mcheri, maji na maji na maji, mpaka yaliyotoka nikayanywa mbele ya Baba. Halafu nikachoma kipande cha salfa ndani, kidogo tu, tunavyofundishwa. Ooh! Baba kakimbilia uani anakohoa kikohozi cha maigizo, eti nimeuulia mbali mtungi wa baba yake kwa dawa ya panya. Vikonyo je? Yeye anatia vyote, vibichi kwa vikavu. Mimi nimetia vilivyokauka tu. Kasimama pale mlangoni anahesabu kila kikonyo ninachotupa na kukisikitikia.

Sasa wako uani wanachoma nyama kwa moto wa vijiti vya mizabibu na wanaimba kwa sauti tatu, na Baba anaimba ile ya chini kabisa. Anaimba vizuri. Hata hilo linaniudhi.


Jumanne, 9 Oktoba

Nakwenda chuo asubuhi, narudi kijijini jioni, nalala na harufu ya hamira kwenye nywele. Maganda yanapanda juu ya juisi, lazima yasukumwe chini kwa mti wa mpini mrefu mara kadhaa kwa siku, la sivyo yanakauka na mvinyo unapotea. Mchana siwezi kuwepo, nikampa kazi Rezo. Tayari hilo ni kosa la sharti la kwanza. Nikamuuliza Mwalimu Lamzira, kasema kusukuma tu si neno, mradi haongezi wala kupunguza kitu. Alhamdulillahi... yaani, asante Mtakatifu Nino! Chuoni kuna fundi wa mabomba, Muazeri Mwislamu, ananiambukiza maneno yake.

Rezo anasukuma akiwa amejifunga skafu ya marehemu Mama puani.

Baba hauangalii mtungi wangu. Anapita pembeni yake uso ameugeuzia ukutani. Lakini jana nilipoingia ghafla nimemkuta amepiga magoti, sikio liko mdomoni mwa mtungi, anausikiliza unavyochemka.

"Unafanya nini?"

"Nimedondosha funguo."


Jumamosi, 20 Oktoba

Maganda yamezama yenyewe. Nimeujaza mpaka ukingoni, nimeweka kifuniko cha jiwe, nimekandika udongo wa mfinyanzi kuzunguka, nikaulainisha kwa kiganja, na juu nikaandika jina langu kwa kidole. Pikria. Kisha mchanga mbichi pembeni.

Baba kauliza kama nimemaliza kuchezea udongo, maana mayai yanahitaji kuokotwa.

Baba, huu mtungi haufunguliwi. Mpaka masika. Umesikia?

"Nimefungua mitungi tangu wewe hujazaliwa."

Huu hapana. Nikamwambia mara tatu. Nikamwambia mbele ya Bibi. Nikamwambia nikianguka nimeanguka mwaka mzima. Kainua mikono kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Sawa, sawa, sawa!


Jumatatu, 5 Novemba

Kemia. Mtihani wa kemia. Nimepata alama za mtu aliyelala. Khatuna ambaye kweli alilala kanizidi.


Ijumaa, 23 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Giorgi. Nyumba imejaa mpaka nyuma. Baba ndiye msimamizi wa meza kama kawaida, kila kikombe anakiinua kwa heshima ya jambo fulani, Mungu, nchi, anaongea, anaongea, supu inapoa, watoto wanalala mapajani, yeye bado yuko kwa mababu. Kwa heshima yake, hakuna anayemkatiza. Kwa heshima yangu mimi, mgongo unaniuma kwa kubeba sahani.

Watu wana vituko leo. Jirani yetu Shalva kanishika mkono kaubusu, "Mungu aubariki mkono huu." Mikate ya jibini kaikanda Bibi, mimi nimeibeba tu! Daktari wa mifugo kanikonyeza, kaniita msichana wa kaharabu, ile rangi ya asali. Nikadhani ni kwa ajili ya gauni, ingawa gauni ni la kijani. Hata padri katikisa kichwa kwa furaha aliponiona, na padri huyu huwa anatikisa kichwa kwa huzuni.

Walevi wote. Nimeosha vyombo.


Alhamisi, 10 Januari

Nina hasira ya kuvunja vyombo.

Jino. Nimekwenda kwa daktari wa meno wa hapa Telavi, mara ya kwanza kumwona maishani mwangu. Kanilaza, kanitanua mdomo, kaniwekea pamba, kile kidude kinazunguka kinalia. Anasoma jina langu. "Pikria! Wewe si binti Gocha?" Nikaitikia kwa macho. "Aisee! Ule mvinyo wako! Rangi ya kaharabu kabisa! Nilimuuzia baba yako magurudumu ya trela langu kuukuu kabla ya Krismasi, nikampelekea mwenyewe, akanipa kikombe kimoja. Nikaomba cha pili. Cha tatu akanipa bila kuomba. Nikamwambia, Bwana Gocha, huu umeutengeneza mwenyewe? Akasema, huu? Huu ni wa binti yangu, anasoma chuo."

Na mimi nimejaa pamba mdomoni! Nilipiga kelele, akadhani kagusa mshipa. Akaongeza sindano ya ganzi!

Nimerudi kwa miguu nikidondosha mate nusu uso. Sikusema neno mpaka ganzi imeisha. Halafu nimesema yote, kwa sauti, peke yangu, Khatuna kakimbilia bafuni.


Jumamosi, 12 Januari

Nimefika kijijini bila kupiga simu. Moja kwa moja marani. Theluji kwenye viatu, sikuvua.

Udongo uko pale pale. Umelainishwa vizuri. Jina langu lipo juu yake. PIKRIA. Kwa herufi za Baba! Zile zake kubwa zinazolalia kushoto! Kafungua mtungi wangu, kauziba tena, halafu kakaa pale kwa utulivu akaandika jina langu upya kwa kidole, kama mtoto anayeiga sahihi ya mzazi!

Nikamwita. Sikumwita "Baba". Nilimwita "Gocha Davitis-dze!", jina lake na la baba yake, kama polisi. Bibi aliyekuwa anasokota uzi kaacha sufu kaja mbio.

"Mara ngapi?"

"Kidogo tu."

"Baba, mara ngapi?"

"Mgeni akija nimpe nini, maji?"

Una mitungi mitatu mikubwa ya kwako! Nikapaza sauti mpaka mbwa wakaanza. Una mvinyo wa kuogea kijiji kizima! Kwa nini wa kwangu?

Anajua kuongea na wafu mezani mpaka supu inaganda. Leo kageuka ananiuliza kama nimekula.

Walioonja, Bibi kanitajia. Shalva. Daktari wa mifugo. Padri, mara mbili. Mtu wa kusoma mita ya gesi. Mtu wa magurudumu, yaani kumbe mwenye magurudumu ni yule daktari wa meno. Dereva wa lori Muarmenia aliyeharibikiwa hapo barabarani, yeye kalala hapa siku mbili na kaondoka na chupa. Na chupa! Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu mwenyeji kapona kwa mtungi wangu!

Hapo nikakumbuka. Mtungi ukipungua, hewa inaingia, na hewa ikikaa juu ya mvinyo, kwisha. Nikapiga magoti niubandue udongo. Baba kanizuia mkono.

"Hakuna nafasi humo," anasema. "Mimi si mjinga. Kila nilichotoa nimerudishia. Umejaa mpaka ukingoni, kama ulivyouacha."

Umerudishia kwa kitu gani?

"Kwa mvinyo! Kwa wangu! Zabibu zile zile, siku ile ile. Nani atajua?"

Mungu wangu. Mungu wangu! Angeuacha ugeuke siki ningelia nikamaliza. Huu haukugeuka siki. Huu umegeuka wake! Na kiasi gani chake, hata yeye hajui. "Wageni wanakunywa, mamangu, mtu hahesabu vikombe vya mgeni."

Nimeufungua, nimehakikisha umejaa, nimeuziba. Sikuuonja. Nimeandika jina langu mimi. Nimegoma kula.


Jumapili, 13 Januari

Bibi kaja asubuhi kitandani kwangu na chai. Anasema hakutaka kusema mbele yake.

Mara ya kwanza, anasema, Baba alifungua ili anicheke. Ilikuwa wiki mbili tu tangu nizibe. Alikuwa na uhakika umeharibika kwa ile salfa, alitaka awe wa kwanza kujua. Kachota, kaonja. Bibi alikuwa mlangoni. Kaonja tena. Halafu kakaa chini kwenye sakafu ya marani, na suruali yake ya kanisani. Halafu akaenda kumwita Shalva aonje, kwa sababu hakuuamini ulimi wake mwenyewe.

"Akamwambia nini Shalva?"

"Hakumwambia kitu. Kamtazama tu anavyomeza."

Mimi hajaniambia hata nusu neno. Kijiji kizima kinajua mvinyo wangu ni mzuri, mpaka Armenia wanajua, mimi ndiye wa mwisho. Na nimeambiwa na daktari wa meno!

Nimelia. Sijui nalia kwa hasira au kwa nini. Kwa vyote. Chai ilikuwa na asali nyingi mno.


Jumanne, 19 Februari

Nimemuuliza Mwalimu Lamzira, kwa mbali, kana kwamba nauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Mwanafunzi akijazia mtungi wake kwa mvinyo wa mtungi mwingine, wa zabibu hizo hizo, ili usiingie hewa, je?

Kavua miwani. "Kujazia ni kazi njema. Lakini hapo si mvinyo wake tena. Ni mvinyo wa nyumba."

Na mtihani?

"Mtihani ni wa mwanafunzi, Pikria. Siipimi nyumba yake."

Khatuna ananiona mjinga. Funga mdomo, anasema. Mvinyo ni mmoja, zabibu ni moja, hakuna mashine duniani itakayoutenganisha. Wewe ndiye uliyekosewa, halafu wewe ndiye ujipeleke mwenyewe kunyongwa? Kwa Khatuna kila kitu ni rahisi. Mvinyo wake uko kwenye tangi la chuma lenye kufuli na kipimajoto, hauna baba.

Lakini wote wawili wamesema kweli, ndilo linaloniua. Nikisema, naanguka kwa kosa la mtu mwingine, na mtu huyo huyo atampa Rezo marani kwa sababu nimeanguka! Nikinyamaza, napita. Napewa marani. Na maisha yangu yote kila nikiingia pale nitajua niliingia kwa mlango gani, na yeye atajua, na kila tukibishana juu ya kikonyo kimoja atanitazama kwa jicho lile.


Jumapili, 17 Machi

Kwaresima. Maharage. Maharage tena.

Baba hagusi tena mtungi. Kauwekea kiti juu, kiti kizima cha mezani, na juu ya kiti ndoo ya misumari. Wageni wakija anawapa wa kwake na anauponda, "leo huu si mzuri sana, mnisamehe." Mtu wa mita kauliza waziwazi, ule wa pembeni uko wapi? Baba kamwambia mita ya gesi iko nje.

Nimemkuta akipogoa mizabibu, nikachukua mkasi mwingine nikaanza mstari wa pili. Tumefika kati ya shamba. Halafu kasema, bila kuinua kichwa, kwamba nikiulizwa niseme haukuguswa. Yeye atasema hivyo hivyo. Bibi atasema hivyo hivyo. Mzigo wake, ataubeba yeye kwa Mungu.

Nikamwambia Mungu si mkaguzi wangu.

"Basi umekuwa mgumu kama nani?" kasema.

Kama nani! Aulize kioo. Nimekata chipukizi lililokuwa zima kwa hasira, kaliona, kaendelea kukata mstari wake. Kunyamaza kwake siku hizi kunaniudhi kuliko kelele zake.


Ijumaa, 12 Aprili

Wanakuja kesho. Mwalimu Lamzira, na wakaguzi wawili kutoka mji mkuu, Tbilisi. Rezo kaosha ua mpaka kuku wanateleza. Bibi anasaga kokwa za jozi za kuchanganya na mchicha tangu asubuhi. Baba kanyoa. Kajikata mara mbili.

Sijaamua. Kila nikiamua usiku, nikiamka nimebadilika. Nikiwa naosha glasi za kuonjea nasema, nitasema. Nikiwa nazikausha nasema, kwa nini mimi?


Jumamosi, 13 Aprili

Naandika jikoni. Nimeingia kuchukua maharage na sijatoka. Nina dakika chache kabla Bibi hajaja kunitoa.

Wamekuja asubuhi, viatu safi, makoti marefu. Nikawapeleka marani. Mkaguzi mnene kapiga picha ya muhuri kwa simu. Nikauvunja udongo kwa mikono yangu mbele yao, nikainua jiwe. Ile harufu! Tunda la kokwa, lile dogo la manjano la uani kwetu, likianza kukauka juani. Na chai. Na nta kidogo. Nikachota kwa kibuyu cha mpini mrefu nikamimina. Kwenye glasi rangi yake ilikuwa kaharabu kweli, daktari wa meno hakudanganya.

Nikaonja kwa mara ya kwanza. Mimi! Baada ya kijiji kizima! Ni mzuri. Ni mzuri sana. Nikautafuta ule wa Baba humo ndani, ule ukali wa vikonyo vyake vibichi, nikadhani nimeupata, nikaukosa. Mkaguzi mnene kafumba macho. Yule mwingine, mwembamba, ambaye tangu afike hajatabasamu, kaomba tena.

Halafu Mwalimu Lamzira kageuka, glasi mkononi, kauliza taratibu. "Pikria, muhuri huu ni ule wa Oktoba?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Wa Oktoba!" Baba, kutoka mlangoni, kikombe kiko juu mkononi. "Nani angethubutu kuugusa!"

Kadanganya na kikombe kimeinuliwa! Baba yangu! Yeye ambaye maisha yake yote anatuambia mtu anaweza kudanganya barabarani, sokoni, hata kanisani akibanwa, lakini kikombe kikiwa juu, hapana! Rezo katazama viatu vyake. Bibi kajifanya hakusikia. Mwalimu Lamzira hakumtazama Baba hata kidogo. Kanitazama mimi. Nikasema, karibuni mezani, chakula kinapoa. Na nikakimbilia huku.

Maharage yameungua chini.

Nawasikia. Baba kaanza. Kwa Mungu na amani. Kwa nchi. Kwa waliotutangulia, na hapo kwa Babu huwa anakaa sana, leo kapita haraka. Sasa yuko kwa watoto. Namsikia anasema kuna watoto wanaorithi nyumba na kuna watoto ambao nyumba inawarithi wao. Wakaguzi wanasema vizuri, vizuri. Anasema, leo hapa nilisema neno. La muhuri. Nililisema kikombe kikiwa mkononi.

Kanyamaza.

Bado kanyamaza. Baba! Mezani! Kijiko cha mtu kimegonga sahani. Nimesogea mlangoni, namwona mgongo. Shati limemshika mgongoni kwa jasho. Kikombe bado kiko juu, mvinyo unamtiririka kwenye vidole, na hakiteremshi.

Sasa kasema. "Alaverdi," kasema. Anaikabidhi. Msimamizi wa meza akisema alaverdi na kukutaja jina, neno lile lile alipolifikisha unalipokea wewe, unasimama unalimalizia, na meza haili wala hainywi mpaka umalize. Huwapa wajomba. Shalva. Padri. Mwanamke sijawahi kuona akimpa, si Bibi, si Mama alipokuwa hai.

"Alaverdi kwa Pikria. Kwa mwenye marani."

Kasema mwenye marani! Wakaguzi hawajaandika hata alama moja, na yeye kashasema, mbele ya watu, kikombe juu, kwa sauti ile ile aliyodanganyia! Sasa ni zawadi hii au ni hongo? Mwenyewe kafungua, mwenyewe kaziba, mwenyewe kasema uongo, mwenyewe kashindwa kuumaliza, halafu mimi ndiye nisimame nilimalizie neno la muhuri, kweli au uongo, kikombe kikiwa juu! Ningemnyonga. Nampenda, na ningemnyonga.

Bibi kaingia. Kanipokonya sufuria, kanipa kikombe kilichojaa, kaniambia wanangoja, nifute uso.

Naja! Nimesikia, naja —